Sauti Nyuma ya Kamera

Lile sanduku la kuhifadhia video lilikuwa likilia tangu Jumatano, na Albano hakulitia maanani. Pale Segerea, ukisikia kitu kinapiga pii, pii, unajua ni betri ya akiba inaulalamikia umeme, unaendelea na chai yako. Albano aliichomoa betri, akaipuliza vumbi, akaichomeka tena. Mlio haukukoma. Akaufunga mlango wa chumba cha kazi na kuhamia sebuleni.

Jumamosi asubuhi picha zilianza kufunguka kwa kusuasua. Ndipo akampigia Raudha, fundi wa kompyuta, naye akaja.

“Shikamoo, kaka Albano. Hiki kitu kinalia tangu lini?”

“Marahaba. Si betri tu hiyo, mdogo wangu?”

“Betri wapi! Una diski imekufa humu.” Alimwonyesha taa nyekundu. Sanduku lilikuwa na diski nne, na ndimo zilimohifadhiwa video zote za harusi na za sendofu, sherehe za kumuaga bibi harusi, alizopiga tangu aanze kazi. “Zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao. Ikifa nyingine, huna kitu. Una nakala pengine?”

“Sina.”

“Lakini wateja si walishachukua zao?”

“Walichukua.”

“Basi hata ikitokea, hasara si kubwa.”

Albano alitazama dari. Angeanzia wapi kumweleza?

Mkewe, Hope, ndiye aliyekuwa akimshikia taa kwenye kila sherehe. Alisimama nyuma ya bega lake na kunong’ona bila kujali kwamba kamera ina masikio: bibi harusi analia, mfuate, shangazi kavua viatu, usimpige miguu. Wakirudi nyumbani Albano alikaa kwenye kompyuta na kumfuta, neno baada ya neno, akafunika mahali pake kwa muziki. “Mwanamke wewe, utaniharibia kazi,” alikuwa akimwambia, naye Hope alicheka tu. Wateja walipata video safi. Nyumba ngapi za Dar es Salaam zina harusi iliyomulikwa na Hope, na ndani yake Hope haonekani wala hasikiki! Sauti yake ilibaki kwenye zile picha mbichi tu, zisizohaririwa, ambazo Albano hakuzifuta kwa uvivu. Tangu amzike, mwaka juzi, hakuwahi kuthubutu kuzifungua.

Raudha aliitoa diski mfu, akasukuma mpya mahali pake. Taa ikaanza kupepesa.

“Sasa inajijaza kutoka kwa wenzake, mpaka kesho. Usifungue kitu, kaka, diski zenyewe zimechoka. Na uombe umeme usikatike.”

“Ukikatika?”

“Betri itashika kidogo. Baada ya hapo ni Mungu tu.”

Alipoondoka, nyumba ilirudia ukimya wake. Ajabu ya moyo: miaka miwili alikuwa na ruhusa ya kumsikia mkewe akaogopa, leo amekatazwa, ndipo hamu inamjia. Alizima feni na friji, akaleta kiti, akakaa mbele ya taa ile kama mtu anayeuguza. Kila umeme ulipofifia, alishika sanduku kwa mikono miwili, asijue anazuia nini. Jumapili hakwenda kanisani. Chakula hakukikumbuka.

Mchana ule, taa zote nne zikawa kijani.

Alifungua sendofu moja ya Vingunguti, ya zamani. Kina mama walikuwa wakicheza kuelekea meza kuu, vitenge sare, vigelegele. Kisha karibu kabisa, karibu kuliko muziki, sauti ikanong’ona:

“Albano, umekula wewe?”

Na sauti nyingine, kavu, ikamjibu:

“Nyamaza bwana, inarekodi.”

Hilo jibu lake alikuwa amelisahau. Kwa miaka yote ile, kumbe alikuwa akijifuta na yeye.

Alilia, bila kujizuia, maana hapakuwa na wa kumwonea haya. Kisha akarudisha nyuma. Kina mama wakaanza tena kucheza, taa ya Hope ikawamulika, na Hope akauliza tena. Safari hii Albano aliwahi kujibu kabla ya yule mwenzake wa kwenye video.

“Bado,” alisema. “Bado, mama.”