Mbwa Aliniuma Wapi

Kitabu cha safari zangu nilikiandika miaka sita. Kabla sijauza hata nakala moja, watu wakawa wanakisoma bure kwenye simu.

Lakini nilikuwa nimejihadhari. Nakala niliyompa shemeji yangu mwalimu aisahihishe ilisema mbwa aliniuma mguu wa kushoto. Ya mpiga chapa, mguu wa kulia. Mwizi angejulikana kwa mguu. Lakini kabla hata sijaiona nakala iliyosambaa, moyoni nilishamhukumu shemeji, na hata salamu zake nilikuwa siitikii.

Asubuhi moja kinyozi wangu, wembe mkononi, akaniambia, "Babu, kitabu chako kitamu! Pale kwa mbwa nilicheka mpaka machozi."

"Umekipata wapi?"

"Kinazunguka tu mitandaoni."

"Na huyo mbwa kaniuma wapi?"

"Mkononi, babu! Ukamtupia kiatu, akaondoka nacho."

Ni kweli, aliniuma mkono. Ila ukweli huo umo katika mswada wangu ulio kwenye simu yangu peke yake, na kwa kuwa chumbani kwangu hakuna umeme, simu humwachia kinyozi aichaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimeshika wembe.

"Kumbe ni wewe uliyekisambaza!"

Wembe ukasimama shingoni. "Babu, si uliandika watu wasome? Maneno hayaishi kama sabuni."

"Ndevu nazo haziishi. Mbona hunyoi bure?"

Nikachukua simu yangu, povu likiwa bado shavu moja, nikaenda kumwomba shemeji radhi.