Shavu la Kushoto

Kovu lilikuwa shavu la kulia, nami nikamshukuru Mungu.

"Duniani wawiliwawili," nikamwambia Jofrey, nikimwonyesha karatasi aliyonipa. "Kama si upande wa hili kovu, ningeapa huyu ni Danford wangu."

Jofrey hakucheka. Aliinamia kompyuta yake kama mtu anayetafuta sindano.

Kibanda chetu cha kuchapa fulana kilikuwa karibu na mpaka, Tunduma. Jofrey alitengeneza picha na kuzitoa kwenye karatasi. Mimi nilizibandika kwenye fulana kwa presi ya moto. Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja kutoka Nakonde, upande wa Zambia, mtoto mgongoni. "Mulishani, mama," akanisalimu, nikacheka, maana Kibemba changu kinaishia hapohapo kwenye salamu. Alitaka fulana za ubatizo wa mwanawe Watson, zenye picha ya familia.

"Jumapili wote tufanane," alisema. "Hata baba yake. Ni mtu wa safari, ila siku hiyo ameapa atakuwepo."

Nilimpenda. Nilimshikia mtoto wakati akimtumia Jofrey picha kwa simu, na yule mtoto akalala begani kwangu.

Kovu la Danford nalijua. Alilipata shambani kwetu Igamba, tukiwa wachumba, alipokuja kumsaidia baba kupogoa kahawa. Tawi lilimrudi usoni, nami nikachana khanga yangu nikamfunga, mama akanisema wiki nzima. Shavu la kushoto. Basi huyu wa kulia alinihusu nini?

Niseme ukweli, nilijidanganya. Picha ya fulana hutolewa kwenye karatasi ikiwa imegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo, ili ikishagandamizwa ikae sawa. Hilo nilikuwa nalijua, na wengine nimewafundisha mimi. Jina la mtoto lilisimama kinyumenyume chini ya picha, macho yangu yakiliona. Lakini moyo ukishapata pa kujificha, hausomi herufi. Mpaka leo nikipewa karatasi nasoma jina kwanza, ndipo nitazame sura.

Nikashusha presi huku nikiimba. Nikainua, nikabandua karatasi.

WATSON, ilisomeka vizuri kabisa. Kovu lilikuwa limehamia kushoto.

Niliumia, sina namna ya kulipamba hilo. Miaka yote ile nilikuwa nampelekea pole kwa simu kila dereva wangu aliponiambia foleni ya malori imemlaza mpakani, mke wangu usingoje, kula ulale. Nami nikila, nikilala, nikimwombea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikichapa mwenyewe.

"Ulimjua?" nikamuuliza Jofrey.

"Nilimjua, dada. Ila mimi ni nani nivunje nyumba ya mtu?"

"Tangu lini unamwona na huyu mama?"

Tulikuwa tukila sahani moja mchana, mimi na Jofrey, na siku hiyo ugali ulipoa mezani hakuna aliyeugusa.

Fulana nilizimaliza zote, hakuna hata moja iliyopinda. Yule mama hakunikosea, wala mwanawe. Alipokuja kuzichukua alizikunjua moja moja kwa furaha, akaniambia "Natotela," asante, akanishika mikono yote miwili. Alipoondoka nikachukua fulana nyingine, ya saizi ninayoijua bila kuuliza, nikachapa moja zaidi.

Danford alirudi nyumbani Mpemba Ijumaa, akilaani foleni. Nikampa pole, nikampelekea maji. Alipotoka kuoga akaomba nguo safi.

"Hiyo hapo kitandani," nikamwambia.

Akaikunjua. Aliitazama, mkono wake ukapanda polepole mpaka shavuni, ukakaa juu ya kovu.

"Atuganile," akasema.

"Ijaribu kama inakutosha," nikamwambia. "Mama Watson anataka Jumapili wote mfanane."