Jibu Lililotoka Dirishani

Fundi saa alikuja mahakama ya kanisa ya jimbo kuthibitisha kwamba siku aliyofunga ndoa hakuwa na uwezo wa kuamua. Mahakama ikikubali, ndoa hiyo itahesabiwa haikuwepo, naye atamwoa mshonaji wa duka la jirani. Ikikataa, atabaki mume wa mwanamke aliyekwisha kumkimbia zamani.

Sheria inataka kila mtu ahojiwe peke yake. Padri hakimu akamwomba mama wa fundi, aliyekuwa shahidi, asubiri nje. Mama akavuta kiti chini ya dirisha, lililoachwa wazi kwa sababu ya joto.

"Nani alimchagua mchumba?" hakimu aliuliza.

"Mimi!" sauti ikaingia.

Karani akainua kalamu. "Niandike, Padri?"

"Andika. Na uandike jibu limetoka dirishani."

"Mama, jamani, unaniharibia!" fundi alilalama.

"Nakutetea! Padri, mwanangu ana akili timamu. Mkimwandika mjinga, nani atamletea saa?"

Hakimu alipaza sauti ili ifike nje. Akili ya fundi haikuwa na shaka, alisema. Mtu anaweza kutengeneza saa ya mnara na bado akashindwa kupima jambo zito kama ndoa na kuliamua mwenyewe.

"Aamue mwenyewe kwa nini, na mimi nipo?"

Safari hii karani hakuuliza. Aliandika.

"Na madhabahuni," hakimu akamgeukia fundi, "ulipoulizwa kama unakubali?"

"Nilichelewa kidogo. Nilikuwa namtafuta Mama kwa macho."

"Nikamwitikia kwa kichwa," dirisha likasema. "Watu walikuwa wanangoja."

Mwanasaikolojia wa mahakama naye alimhoji fundi, akaripoti kwamba alimuuliza mtu mmoja akajibiwa na wawili. Miezi kadhaa baadaye hukumu ikatoka: ndoa ni batili. Mshonaji alipiga vigelegele dukani mbele ya fundi na mama yake, kisha akasoma sehemu iliyobaki. Fundi amekatazwa kuoa tena mpaka aioneshe mahakama kwamba sasa anaweza kuamua mwenyewe.

Fundi akamtazama mama yake. Mshonaji akaliona jicho hilo.

"Tutakwenda mahakamani Jumatatu," mama alisema.

Fundi akaikunja hukumu.

"Nitakwenda Jumanne," akasema.

"Hata Jumanne ni sawa. Nitavaa gauni langu la bluu."

"Gauni hilo ninalo mimi, Mama, nalipunguza kiuno," mshonaji alisema, akichomoa uzi mmoja wa mshono uliokwisha kukamilika. "Jumanne halitakuwa tayari."