Kabla ya Saa 18

Ratiba ya safari, iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi tatu, ilibandikwa ukutani katika chumba cha walimu, juu ya meza ya yule aliyeitunga, na mwalimu wa baiolojia alikuwa amesimama akiisoma huku chai ikimpoa mkononi. Mwenye ratiba alijifanya anasahihisha madaftari, kumbe jicho la pembeni liko kwake, linasubiri sifa. Sifa alikuwa amezizoea. Miaka kumi na sita amepanga vipindi vya shule nzima, walimu arobaini na mmoja, na haijatokea hata siku moja walimu wawili wakagongana mlangoni mwa darasa moja. Wanafunzi walimwita Bi Ratiba. Alijitia hasikii, lakini lile jina lilimkaa vizuri moyoni.

"Mwalimu, huyu anayezamia baharini leo ni nani?"

"Si yule mdogo wangu, mchora mabango."

"Amezamia saa ngapi?"

"Kwani huoni hapo? Saa tatu asubuhi anaingia majini, saa nne anatoka, saa sita anakula, saa tisa yuko uwanja wa ndege."

"Na hii ndege ya saa kumi na mbili na nusu jioni ni ya leo?"

"Ya leo leo. Yule ukimwachia nafasi atahamia huko huko."

Mwalimu wa baiolojia aliweka kikombe juu ya madaftari ya watu. "Mwalimu, unataka kumuua ndugu yako?"

Bi Ratiba akacheka, maana pale chumbani utani hauishi. Kisha akauona uso wa mwenzake. Kicheko kikamkaukia mdomoni.

"Mimi si mjinga," alisema, akavuta droo na kutoa karatasi ya maagizo waliyotumiwa na kampuni ya wazamiaji ya kisiwani. "Kila neno nimelisoma. Hili hapa. *Onyo: baada ya kuzamia, usipande ndege kabla ya saa 18.* Saa 18 ndiyo saa kumi na mbili jioni, hata kwenye tiketi huandikwa hivyo. Ndege inaruka 18:30. Nusu saa nzima ya ziada nimemwongezea mimi mwenyewe!"

"Si saa ya ukutani hiyo, mwalimu! Ni muda. Saa kumi na nane tangu mtu atoke majini." Akahesabu kwa vidole, haraka haraka. "Ametoka saa nne asubuhi. Asiguse ndege mpaka saa kumi alfajiri ya kesho."

"Asipongoja?"

Yule bwana alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza kidato cha kwanza. Mtu akiwa chini ya maji, hewa anayovuta inajipenyeza kwenye damu, na inahitaji muda mrefu kutoka. Ukimpandisha angani mapema, ni chupa ya soda umeifungua. Mapovu yanatokea kwenye damu, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. "Anaweza kupooza," alisema. "Anaweza asishuke mzima."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Bi Ratiba aliitazama na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuelewa inasema nini. Mungu wangu, alijisemea, nimemuua kwa kalamu ya rangi tatu.

Na safari yenyewe hata haikuwa ya starehe. Huyu mdogo wake, ambaye ukoo mzima unamwita Baadaye kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, aliwahi kuchora samaki kwenye ukuta wa shule hiyo hiyo. Ni samaki adimu wa visiwani, anayepanda kutoka vilindini mara moja kwa mwaka, siku nne tu kuzunguka mwezi mpevu. Watu wa huko wanamwita Shangazi: anakuja mara moja kwa mwaka, anachungulia kila pembe ya nyumba, kisha anaondoka bila kuaga. Huyo Baadaye alimchora kwa kuangalia picha moja iliyofifia kwenye kalenda ya marehemu mama yao. Mwaka wa sita sasa alikuwa akipita mbele ya ule ukuta na kusema, "Dada, nina uhakika mapezi nimeyakosea." Miezi minane alijifunza kuzamia kwenye bwawa la kuogelea, mtu mzima mwenye kitambi chake, ili tu akamwone Shangazi kwa macho yake na kurudi kurekebisha mapezi.

Aliomba siku nne, ndizo siku za samaki. Dada akampa mbili. "Anaonekana siku ya mwezi mpevu, basi nenda siku ya mwezi mpevu, mwone, rudi. Siku nyingine za nini? Uzembe huo." Baadaye alinung'unika kidogo, dada akapandisha sauti. Na mlangoni, begi likiwa begani, akampa neno la mwisho: "Na ukiikosa ndege hiyo, usithubutu kunipigia simu."

Ndiyo maneno aliyomuagia mtu pekee aliyebaki naye duniani.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, mpaka akaichukia sauti ya yule dada wa kwenye simu kana kwamba ndiye aliyemficha. Aliwapigia wale wa kisiwani. Kijana aliyepokea alisema wageni wa asubuhi walishatawanyika, na bosi wake yuko majini. "Huyo mnene mchangamfu? Nilimwona na begi lake, akapanda gari." Bi Ratiba alilia kwa sauti, mbele ya walimu wenzake, yeye ambaye hata kwenye mazishi hutoa leso kwa zamu. Aliipigia kampuni ya ndege, akaambiwa habari za abiria hazitolewi kwenye simu. Akawaeleza habari ya saa 18. "Ndiyo, mama," ilijibu sauti, "inaruka 18:30, haijachelewa." Haijachelewa! Maisha yake yote alikuwa akitafuta ndege isiyochelewa.

Saa kumi na mbili na nusu iliwakuta njiani, yeye na mwalimu wa baiolojia katika kigari chake kisicho na kiyoyozi. Bi Ratiba alikuwa anatazama juu kupitia kioo, kwenye anga tupu. Mapovu, alikuwa akiwaza. Sasa hivi yanaanza.

Ndege ilitua saa mbili kasoro robo. Abiria wakaanza kutoka: mwenye mtoto, mwenye kofia, wanaocheka. Kisha mlango ukafunguka na kikatoka kiti cha magurudumu, mtu amefunikwa shuka mpaka kidevuni, kichwa kimelala upande. Bi Ratiba alipiga ukelele uliomgeuza kila mtu mle ndani. Alivuka kamba, akalivamia lile shuka. Ajuza mmoja akamtazama kwa mshangao, akamuuliza kama wanafahamiana.

Baada ya ajuza hakutoka mtu tena. Mlango ukafungwa. Mfagizi akaanza kusukuma maji sakafuni.

"Wamembakiza ndani," Bi Ratiba alisema kwa sauti ndogo. "Wanatafuta shuka la kumfunika."

Mwalimu wa baiolojia akaenda kumbembeleza ofisa wa zamu. Hapo ndipo simu ilipoita, namba ngeni. Alipokea akitarajia sauti ya daktari.

"Dada? Usikate kwanza. Najua ulisema nisikupigie."

Hakukata. Aliketi pale pale sakafuni, kwenye maji ya mfagizi, na sketi yake ya kazi.

"Nimezima simu tangu alasiri kwa kukuogopa, hii nimeazima," Baadaye aliendelea, maneno yakimkimbia. "Nilifika mpaka uwanjani, wallahi nilifika. Halafu nikafikiria lile pezi. Shangazi hakuja leo, dada. Mzamiaji wetu anasema maji yalichafuka, labda kesho. Nikarudi. Ndege nimeikosa makusudi. Haya, nitukane, nimejiandaa."

Alingoja kutukanwa. Alisikia kwikwi tu.

"Dada, upo? Kuna msiba?"

"Hamna msiba," alisema. "Hamna. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Kwamba umeikosa ndege."

"Nimeikosa ndege," alisema Baadaye, kwa woga.

"Tena."

"Nimeikosa. Dada, mbona unanitisha? Haya, nipangie nyingine basi. Nirudi lini?"

"Sipangi mimi. Kaa. Kaa mpaka Shangazi mwenyewe akuchoke."

Tangu azaliwe, Baadaye hakuwahi kusikia sentensi kama ile ikitoka kwenye mdomo ule. "Kwani huko ni saa ngapi," aliuliza polepole, "mpaka unaongea hivi?"

Juu ya kichwa cha Bi Ratiba ilining'inia saa kubwa ya uwanja wa ndege, tarakimu zake nyekundu zikiwaka: 20:10. Aliinua macho, akaitazama, akaitazama tena.

"Sijui," alijibu. "Kweli, mdogo wangu, sijui."