Kiboko wa Suruali Mbili

Pale kwenye makumbusho ya mkoa walimwita Mama Mifupa, na jina lilimkaa. Alianza kazi kwa kupiga deki. Miaka miwili iliyopita kiboko mzee alifia mtoni, fundi wa mifupa alikuwa ameshastaafu, basi yeye akakunja mikono ya gauni akasema, "Nipeni mimi." Akamchemsha vipande vipande uani, akamsugua kwa mswaki, akamsimamisha katikati ya ukumbi kwa vyuma na waya. Kesho milango ingefunguliwa, watoto wa shule waje wamwone.

Leo akaja mtaalamu kutoka makao makuu, tepu shingoni. Akapima mguu wa mbele wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia.

"Huu wa kushoto ni mfupi kwa vidole vitatu. Umechanganya wanyama wawili, mama. Afunguliwe, arudi stoo."

Meneja akainamisha kichwa. Mama Mifupa damu ikamchemka. Miaka miwili ya kuumwa mgongo, leo kiboko wake akalale gizani na panya!

"Nichanganye vipi, mwanangu? Wakati wa kuchemsha, mifupa ya kila mguu niliitia kwenye mguu wake wa suruali, nikafunga kamba juu na chini. Miguu minne, suruali mbili za baba watoto. Ile ya kijivu hajanisamehe mpaka leo."

Walinzi wakaangua kicheko. Mtaalamu naye alitabasamu, lakini hakulegeza. "Suruali si ushahidi, mama. Mimi nafuata tepu."

Hapo Mama Mifupa akakumbuka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mguu ule ulikuwa na nundu katikati, nene, yenye sura mbaya. Yeye hakupenda wageni waione. Akaipaka plasta, akasawazisha, akapiga rangi mpaka huwezi kujua palipoguswa. Hakumwambia mtu. Sasa akisema, anajichongea mwenyewe mbele ya meneja. Akinyamaza, kiboko anakwenda stoo.

"Nileteeni tindo na nyundo," akasema.

Aligonga mwenyewe, na kila pigo lilimuuma. Plasta ikadondoka sakafuni, nundu ikatokea: mfupa uliovunjika zamani, ncha zikapandana, ukaunga hivyo hivyo, ukabaki mfupi.

Mtaalamu akapiga magoti, akaupapasa. Akainuka, akapima bega la kulia, akalikuta nene kuliko la kushoto, maana ndilo lililobeba mzigo wote.

"Ni mmoja," akasema taratibu. "Alivunjika akiwa mdogo, akaishi mpaka uzeeni. Sijaona mwingine kama huyu. Mama, nundu uliificha kwa nini?"

"Nilitaka apendeze."

"Apendeze nini tena! Msimguse. Kesho fungueni milango."

Asubuhi ukumbi ulifurika. Mwalimu mmoja akauliza kiboko huyo alikuwa akitembeaje. Mtaalamu akafungua kinywa ajibu, lakini Mama Mifupa alikuwa ameshaingia uwanjani. Akaukunja mguu wa kushoto, akatupa bega la kulia mbele, akachechemea ukumbi mzima, mzito, mwenye maringo, kichwa juu. Watoto wakajipanga nyuma yake, wakichechemea na kupiga kelele za furaha. Nyuma ya watoto, meneja. Nyuma ya meneja, mtaalamu mwenyewe na tepu yake.

Mlangoni baba watoto, ndani ya suruali mpya, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.