Kibandiko cha Verlon

Mume wangu Verlon alirithi bastola ya marehemu baba yake, akawa haendi popote bila hiyo, na wezi walikuwa wameanza kuvunja magari pale uwanja wa mpira. Uwanjani silaha haziruhusiwi, kwa hiyo akanunua kisanduku cha chuma. Kabla hatujatoka nyumbani aliondoa risasi zote, akaifungia bastola humo, akakifunga kisanduku kwa waya mnene kwenye mguu wa kiti cha gari, akakifunika kwa blanketi na kutia ufunguo mfukoni.

Tulipoegesha, akaanza kujisifu. "Oleta, mwizi gani atajua kuna kitu humu?"

"Anayejua kusoma," nikamwambia.

"Asome nini?"

Nikamvuta hadi nyuma ya gari. Kibandiko chekundu kilisema: GARI HILI LINALINDWA NA BASTOLA.

"Hicho ni cha kuwatisha!"

"Kinawakaribisha, mzee wangu. Umeficha kuku, halafu umetundika bango la kuuza kuku."

Akavua kofia, akataka turudi nyumbani, na mjukuu wetu alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza! Nikatoa mkobani kibandiko cha chama chetu cha kushona mablanketi, nikakibandika juu ya kile chekundu, kikafunika chote.

Mpira ulipokwisha tukakuta mwanamume mrefu amesimama nyuma ya gari letu. Verlon akakimbia, na magoti yake yale!

"Unataka nini hapo?"

"Samahani, mzee. Mnashona siku gani?"

Verlon akahema, akanitazama. "Jumanne," akasema. "Uje na sindano yako."