Aliyeniita Mama Tumsifu

Kifua cha Diwani kilikuwa kimebaki ngozi tupu yenye vipele, kama kuku aliyenyonyolewa akingojea sufuria. Nilikuwa nimefungua mlango wa stoo kuchukua mkaa, mwanga ukamwangukia, nikaona manyoya ya kijivu yametapakaa chini ya tundu lake. Nilipiga kelele. Alinitazama vizuri, kisha akanyofoa unyoya mwingine.

Kasuku huyo tuliachiwa na bosi wangu alipohamishwa. Tulimwita Diwani kwa kuwa alisema mengi na hakutekeleza hata moja. Neno alilolijua kuliko yote alilipata kwa mume wangu, Matonya, ambaye kila akirudi kazini alianza kuita tangu getini: "Mama Tumsifu! Hodi!" Tumsifu alikuwa binti yetu, mtoto wetu wa kwanza. Basi Diwani naye akawa ananiita hivyo mchana kutwa, kwa sauti ileile ya Matonya, nakimbilia mlangoni mikono imejaa povu na kukuta hamna mtu. Nilikuwa namtukana huku nacheka.

Julai ile, upepo wa Chamwino ukipasua watu midomo, nimonia ilimchukua Tumsifu akiwa na miezi saba.

Mama mkwe wangu, Mama Yudith, alikuja kutoka Mlali akaishika nyumba. Sitamsema vibaya. Alinipikia uji, alinikanda, alilala nami chumba kimoja. Lakini kwake yeye mtoto mchanga haliliwi kwa muda mrefu, wala hatajwi, ili tumbo la mama lisiingiwe na hofu. Aligawa nguo, beseni, hata kopo la poda lililobaki nusu. Majirani nao, kwa huruma, wakaacha kuniita Mama Tumsifu. Nikaamka asubuhi nikiwa Yasinta tena, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa. Matonya ndiyo kabisa, hakuniita chochote. Maji yetu ni ya mgawo na koki kuu ya nyumba iko stoo, basi kila jioni alisema anakwenda kuangalia kama yametoka, akakaa huko mpaka chakula kinapoa. Nilijua ananikimbia.

Diwani peke yake hakuwa ameambiwa. Tanga lilikuwa halijaanuliwa, wageni wamejaa sebuleni, akapaza sauti: "Mama Tumsifu! Hodi!" Watu wakainamisha vichwa. Mama mkwe aliinuka, akafunika tundu kwa khanga na kulibeba mpaka stoo.

"Mwanangu, huyu atakuua," aliniambia.

"Ndiyo, mama," niliitika. Moyoni nilimchukia kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile, na Matonya zaidi, maana alisimama pale akiangalia viatu vyake.

Mama alirudi Mlali, tundu likabaki stoo. Nilikuwa namtupia Diwani mbegu za alizeti na kufunga mlango haraka, mpaka siku ile ya mkaa. Nikafanya tunachofanya wote huku ngozi inapokauka: nikampaka mafuta. Nilimpaka kifua kizima, akang'aa. Kesho yake alikuwa amejinyofoa mpaka damu.

Daktari wa mifugo, Jenifa, alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi, kwa huyu imebidi nimpigie mwenzangu wa Arusha. Ila mafuta hapana. Na alizeti tupu ni kama wewe ushinde na maandazi mwaka mzima." Alimpekua akitafuta utitiri, hakuuona. "Anakaa wapi?"

"Stoo."

"Na nani?"

Nilimwambia tu kwamba tangu aingie humo hajasema neno. Akaniagiza nimweke penye watu na mwanga, nimnyunyizie maji kila asubuhi kwa sababu hewa yetu ni kavu, nimpe mchicha, karoti na magunzi ya kutafuna. Akijinyofoa nisipige kelele. Nigeuke, nirudi akishatulia. "Manyoya yataota kama hajaharibu mizizi yake," alisema. "Kuongea, sikuahidi."

Kuongea ndiko nilikokutaka. Nasema wazi: sikuwa namtibu ndege tu. Nilitaka kuitwa.

"Yasinta, mrudishe," Matonya alisema alipolikuta tundu sebuleni.

"Simrudishi."

"Mama alisema..."

"Mama yuko Mlali."

Akatoka kwenda kuangalia maji. Safari hii alirudi upesi, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kumpa mgongo kiumbe anayejichuna si mchezo. Nilisimama nikiuma khanga, nikisikiliza ule mlio mdogo wa unyoya kung'oka. Kuna siku alianza kuota manyoya ya malaika, laini kama majivu, kesho yake kayang'oa yote, nikalia jikoni. Nikarudi na chupa ya maji. Polepole kifua kikafunikwa. Ila alikuwa bubu.

Jumapili moja tulikuwa tunakunywa chai. Nilikuwa nimekwisha kumnyunyizia, akajikung'uta juani, akainamisha kichwa na kusema, kwa sauti ya Matonya. Haikuwa sauti ya getini. Ilikuwa ya chini, nzito, imelowa.

"Tumsifu. Baba yupo, mama. Baba yupo hapa." Kisha akavuta kamasi, akatoa kwikwi ya mtu mzima anayelia akijizuia.

Maneno yale sikuwahi kuyasikia katika nyumba yetu. Yalikuwa yamesemwa stoo, gizani, jioni baada ya jioni, na aliyeyasikia alikuwa ndege aliyefungiwa humo.

Matonya alikwisha kusimama. "Ngoja niangalie maji," alisema. Maji yalikuwa yakitiririka jikoni, tunayasikia wote wawili.

"Baba Tumsifu," nikamwita. "Keti."

Aliketi. Alizungusha kikombe chake, halafu akaniuliza kama nakumbuka Tumsifu alivyokuwa akipiga chafya.

"Nakumbuka," nilimwambia. "Mara mbili, halafu anashangaa."